Mtoto Aliyewekwa Chini

Simioni Waisiko alistaafu kazi ya uaskari katika kambi moja ya watalii karibu na Robanda tarehe 30 Juni 2014. Kazi yake ilikuwa kuwatoa wageni kwenye mahema giza likishaingia, kuwafikisha mezani, kisha kuwarudisha, katika uwanda ambao simba hupita wanapotaka. Hakuwahi kupoteza mgeni. Waliokuwa wenzake bado wanalisema hilo, na wanalisema kwa utani: kwamba Simioni angeweza kumfikisha mzungu mlevi hemani kwake na kofia ikiwa bado kichwani.

Baada ya hapo alirudi Kisaka, alikozaliwa, na mkewe Nyangi. Wakalima mahindi na mihogo, wakafuga ng'ombe wachache na mbuzi. Mabinti wao walikuwa wameshaolewa. Mtoto wa mwisho, Vincent, alioa msichana wa upande wa Tarime aitwaye Rhobi, akajenga nyumba yake ya bati hatua chache kutoka kwa baba yake, kama inavyotakiwa. Wakapata mtoto wa kiume, Benedicto, na baadaye wa kike, Ghati. Simioni alikuwa ametumia sehemu kubwa ya ubaba wake porini na wageni, na mabinti zake walikua akiwaona wakati wa likizo. Kwa wajukuu hawa hakukosa hata jino moja linalotoka.

Kilichoharibu mpango huo ni dhahabu. Mwaka 2018 habari zilisambaa kwamba kuna kilima kingine kimetoa mawe mazuri upande wa Nyamongo. Wachimbaji huliita jambo hilo rashi: leo ni uvumi, kesho kilima kizima kina maturubai, mashine za kusagia mawe na wauza chapati. Vincent aliondoka Kisaka na jirani yake akisema anakwenda kuangalia tu. Hakurudi kulima. Kwanza alivuta kamba, baadaye akapata hisa kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia. Kufikia Oktoba 2019 alikuwa amepanga vyumba viwili na kununua pikipiki, akampigia simu baba yake kumwambia kwamba anataka mke na watoto wahamie huko.

Simioni alikataa. Alikuwa amefika machimboni mara moja kumsalimia mwanawe, na alichokumbuka si dhahabu.

"Nilikuta mtoto wa umri wa Benedicto ameinamia karai la zebaki," anasema. "Anakoroga kwa mkono, kama anaosha vyombo."

Kulikuwa pia na mashimo yasiyo na uzio, pombe tangu asubuhi, na vyumba vilivyobanana hivi kwamba mtu akikohoa jirani anasema pole. Alimwambia Vincent kwamba yeye achimbe anavyotaka, lakini watoto watakulia Kisaka, na Benedicto ataanza darasa la kwanza Januari katika shule aliyosoma babu yake. Vincent alimkumbusha kwamba watoto ni wake. Mazungumzo hayo yalirudiwa Novemba yote. Mwishowe wakakubaliana jambo ambalo wanaume wa ukoo wao hukubali kwa nadra: Krismasi ipite, kisha Rhobi mwenyewe aseme anataka kuishi wapi na watoto.

Simioni alikubali haraka. Alikuwa na uhakika na Rhobi, kwa sababu Rhobi hakuwahi kumpinga. Ukweli ni kwamba Rhobi hakuwa na kawaida ya kuzungumza naye.

Katika nyumba ya Waisiko, kama katika nyumba nyingi za Wakurya wanaoshika desturi, baba mkwe na mkamwana hawasalimiani kwa mkono, hawakai benchi moja, wala hawapokezani kitu mkono kwa mkono. Rhobi akileta uji, bakuli linawekwa mezani, naye anaondoka kabla mzee hajalishika. Hakuna uadui ndani yake. Ni heshima, na Simioni alijivunia kwamba mkamwana wake anaijua bila kufundishwa. Hata mtoto hupita njia hiyo hiyo. Nyangi akiwepo, yeye ndiye humpokea mtoto kwa mama yake na kumpa babu. Nyangi asipokuwepo, Rhobi humweka mtoto chini na kurudi nyuma, halafu mzee huinama na kumwinua. Uani kwao, penye kuku na kivuli cha ghala, ni jambo la kufumba na kufumbua.

Wiki ya Krismasi, kampuni moja ya michezo ya watoto kutoka Mwanza ilifunga mitambo yake kwenye uwanja wa wazi pale Mugumu. Gari la matangazo lilipita mpaka Kisaka. Kulikuwa na bembea za kuzunguka kwa umeme, jumba la plastiki lililojazwa upepo ambalo watoto huruka ndani yake, na treni ndogo ya mabehewa manne inayozunguka kwenye reli yake. Benedicto hakuwahi kuona treni. Siku tatu nzima aliuliza inakula nini, inalala wapi, na kama ikichoka inachapwa.

Simioni aliuza beberu. Hakumficha mkewe sababu. Alitaka Rhobi aone kwamba huku pia watoto wanaweza kupata vitu vizuri, na kwamba yupo mtu wa kuwapeleka. Vincent alikuwa anatarajiwa nyumbani tarehe 28, na neno la Rhobi lingetolewa siku hiyo. Safari ya Mugumu ikapangwa tarehe 26, wote watano.

Asubuhi ya tarehe 26 goti la Nyangi lilikuwa limevimba. Akamwambia mumewe wasubiri siku mbili. Simioni akamjibu kwamba goti halina tarehe lakini treni ina tarehe. Nyangi akabaki. Wengine wanne wakapanda gari la mizigo la jirani aliyekuwa anapeleka maharage sokoni: Rhobi na watoto mbele na dereva, Simioni nyuma juu ya magunia.

Kila mtu wa wilaya ile aliyekuwa na mtoto alionekana kuwa na wazo hilo hilo. Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi, na uwanja ulikuwa umekandwa na miguu ukawa tope la rangi ya chokoleti. Jenereta lilinguruma upande mmoja, muziki upande mwingine. Kulikuwa na bisi, miwa, mishikaki, mapulizo ya kila rangi. Wachimbaji waliotoka machimboni kwa sikukuu walijulikana kwa viatu vyeupe vipya, ambavyo baada ya nusu saa havikuwa vyeupe tena. Walinunua kila kitu kwa mafungu na walicheka kwa sauti kubwa.

Simioni aliendesha msafara wake kama kambini. Alitangulia, akatafuta pa kukanyaga, akageuka kila baada ya muda kuhesabu vichwa. Aliwaonyesha nguzo ya bendera na kusema kwamba mtu akipotea aende pale asubiri. Benedicto aliitikia. Ghati, ambaye hakuwa bado na miaka mitatu, alikuwa anakula bisi mgongoni kwa mama yake.

Saa za mwanzo zilikwenda vizuri, na Simioni hapendi mtu azisahau. Benedicto alipanda bembea na kushuka akiyumba kama mlevi, akataka tena. Kwenye jumba la upepo aliruka mpaka akapoteza soksi. Ghati alinunuliwa pulizo la njano, likafungwa kwenye kifundo cha mkono wake, naye akawa anaunyanyua mkono na kuushusha, akishangaa kwamba kitu kile kinamtii. Rhobi alicheka waziwazi, bila kuziba mdomo. Simioni alimsikia, na akawaza kwamba jambo limeisha, watoto wamebaki Kisaka.

Halafu wakaenda kwenye treni.

Foleni ilikuwa ndefu na ilizungushiwa kamba. Simioni alisimama nje ya kamba, upande wa kutokea, mahali ambapo angemwona Benedicto akizunguka. Zamu yao ilipofika, mkusanya tiketi alimwambia Rhobi kwamba mtoto mdogo kama Benedicto hapandi bila mtu mzima, na wa mgongoni haruhusiwi kabisa. Mtu alikuwa anapiga kelele nyuma yake aondoke au apande. Rhobi akamfungua Ghati mgongoni, akaja mpaka kwenye kamba. Simioni alikuwa pale pale, upande wa pili. Angeweza kumpokea kwa kunyoosha mikono.

"Baba, Ghati huyo," Rhobi alisema.

Akainama, akampitisha mtoto chini ya kamba, akamsimamisha kwenye tope, na kurudi nyuma. Simioni alisubiri arudi nyuma. Ndivyo walivyofanya kila siku.

Wakati huo kijana mmoja mwenye cheni shingoni, aliyekuwa amenunua bunda zima la tiketi, alipanda kwenye ngazi ya treni na kuzirusha hewani. "Watoto wa Mara, leo wote mnapanda bure!" alisema. Kila mtoto aliyesikia alikimbilia pale, na kila mzazi akamkimbilia mtoto wake. Simioni alikuwa ameanza kuinama. Alipigwa begani, akapiga goti, na alipoinuka mbele yake hapakuwa na Ghati. Palikuwa na miguu.

Alifanya kile anachokijua. Alisimama alipokuwa, akatafuta pulizo la njano juu ya vichwa vya watu. Yalikuwepo ya njano mengi sana. Moja alilifuata mpaka likamfikisha kwa mtoto wa kiume aliyekuwa analamba askrimu. Rhobi alikuwa amepita chini ya kamba na Benedicto mkononi, anaita. Treni iliondoka bila wao.

Mtangazaji alikuwa na kijukwaa chake kando ya spika: makreti mawili ya soda na ubao juu yake. Alikuwa kijana mchangamfu, sauti imemkauka. Simioni alimweleza, na kijana akatangaza jina na gauni la mtoto. Halafu akazima kipaza sauti na kusema jambo la busara. Mtoto wa umri ule hatafuata jina, atafuata sura. Wapande hapa juu wote wawili, babu na mama, wasimame, mtoto awaone popote alipo.

Ubao ulikuwa mwembamba. Watu wawili wangesimama bega kwa bega.

"Apande mama yake," Simioni alisema.

"Na wewe mzee. Wewe ndiye mrefu, utaonekana mpaka Musoma."

"Apande mama yake."

"Mna ugomvi?"

"Hatuna."

"Sasa mzee wangu, hapa si kanisani kwamba wanawake upande huu. Mtoto kapotea."

Mwanamke mmoja kwenye kundi akamwambia mtangazaji amwache mzee, huyo ni mkamwana wake. Watu wakacheka kidogo, bila ubaya. Mtangazaji akanyoosha mikono kuonyesha kwamba ameshindwa. "Haya, mkwe apande, mzee ashike kreti lisianguke."

Rhobi alipanda. Kabla hajapanda alimtazama Simioni usoni. Simioni anasema kwamba katika miaka yote aliyoishi Rhobi kwake, yeye hakuwa amewahi kuyaona macho ya mkamwana wake, na kwamba hakuna neno ambalo lingezidi mtazamo ule.

Ghati hakuweza kumwona mtu yeyote. Alikuwa nyuma ya jenereta, mahali ambapo uzio wa turubai ulikuwa umefunguka, na kelele ya mtambo ilikuwa inameza kilio chake. Alikuwa ameshika bomba la moshi. Aliyemkuta ni muuza soda aitwaye Scholastica, ambaye alikwenda nyuma kutafuta kreti tupu. Aliutumbukiza mkono wa mtoto kwenye ndoo yake ya maji ya barafu na kukaa naye mpaka kilio kilipopungua, ndipo akasikia tangazo. Alikuja amembeba, pulizo likiwa limeshapasuka na kamba yake tu ikining'inia.

Alipofika kwenye kijukwaa wa kwanza kukutana naye alikuwa Simioni. Alikuwa amenyoosha mikono. Mtoto akamtazama babu yake, akageuka, akamwona mama yake juu ya ubao. Scholastica akampitisha juu ya mikono ya mzee na kumpa Rhobi.

Hospitalini waliambiwa kwamba ngozi ya kiganja itapona, ila kwenye mashina ya vidole viwili moto umeingia ndani. Inabidi vinyooshwe kila siku, la sivyo vitajikunja vikipona. Rhobi alikaa ndani. Simioni alisubiri kwenye baraza na Benedicto, ambaye bado alikuwa na tiketi yake na aliuliza kama treni ingali pale. Babu yake akamwambia atapanda siku nyingine. Kampuni ile ilifungasha mitambo yake ikaondoka Mugumu kabla ya mwaka mpya.

Walifika Kisaka jioni, jua bado lipo. Gari liliposimama, Simioni aliruka kutoka nyuma na kwenda kwenye mlango wa mbele kabla ya mtu yeyote. Rhobi alishuka na Ghati amelala kifuani, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kifundo. Simioni akanyoosha mikono yake, safari hii bila kusubiri chochote kiwekwe chini. Jirani mwenye gari aliona, na anasema alitazama pembeni. Rhobi alipita kando yake kwa adabu, akatembea mpaka kwenye lango ambako Nyangi alikuwa amejikokota kwa fimbo, na kumpa yeye mtoto.

Simioni hajui kama ilikuwa mazoea au jibu. Hajauliza. Hana njia ya kuuliza.

Siku zilizofuata alifikiri sana juu ya kambi. Kule aliwashika wageni wa kike viwiko, mikono, na mwaka mmoja wa utelezi alimbeba mama mmoja mzee mgongoni kutoka hemani mpaka kwenye gari. Ilikuwa kazi. Hakuna aliyemlaumu, Nyangi mwenyewe alipoelezwa alicheka. Alijua basi kwamba mkono unaweza kunyooshwa panapokuwa na hatari. Kwenye kamba ya treni hakuiona hatari. Aliona mkamwana wake, na akafanya linalompasa mkwe.

Nyangi humtetea na kumlaumu kwa pumzi moja. Anasema hakuna mzee wa ukoo ambaye angefanya vingine, na anasema pia kwamba alimwambia asubiri goti.

Vincent alifika tarehe 28 kama alivyopanga. Alikuwa ameelezwa kwa simu. Hakupaza sauti. Aliukagua mkono wa mwanawe, akaenda kuketi na baba yake chini ya upenu. Simioni alimweleza yote kwa utaratibu, tangu foleni, bila kumtupia lawama mwenye tiketi, wala kampuni, wala Rhobi. Vincent alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba, ungempokea tu," alisema.

"Kwa mke wako? Mkononi?"

"Kwa mtu yeyote."

"Ungekuwa wewe mahali pangu ungempokea?"

"Sijui," Vincent alisema. "Kule machimboni hatuulizani hayo. Mtu akikupa kitu, unapokea."

Lilibaki neno la Rhobi. Hakulisema mbele ya mkwe wake. Alimwambia Nyangi jikoni, na Nyangi akalileta nje. Rhobi alisema kwamba hana kinyongo. Alisema yeye ndiye aliyemweka mtoto chini, na kwamba amejilaumu kabla hajalaumu mtu. Alisema anajua habari ya zebaki na mashimo, na anaogopa. Kisha alisema lililobaki, ambalo Nyangi alilirudia kama alivyolisikia: "Kule nitakuwa na baba yao. Nikimpa mtoto, atampokea."

Wazee wawili wa ukoo walimwendea Simioni wakajitolea kukaa kikao na kumrudisha Vincent kwenye mstari. Nyumba ya kijana iko hapa, walisema, ng'ombe walitoka hapa, watoto ni wa hapa. Simioni aliwashukuru na kukataa. Alikuwa ametoa ahadi kwamba Rhobi atasema, na Rhobi amesema. Kuhusu machimbo hajabadili mawazo. Bado anaamini kwamba Nyamongo si mahali pa watoto, na anaamini kwamba hana tena haki ya kulisema hilo kwa sauti. Amemwomba Vincent jambo moja tu, kwamba karai la zebaki lisiingie ndani ya uzio wake. Vincent ameahidi.

Shule zilifunguliwa, na Benedicto alianza darasa la kwanza Kisaka kwa siku chache huku uhamisho wake ukishughulikiwa. Babu yake alimpeleka na kumrudisha. Kila asubuhi kabla ya hapo Rhobi alikaa kizingitini kumnyoosha Ghati vidole, kimoja baada ya kingine, mtoto akilia na kuvuta mkono. Simioni alijifunza zoezi lile kwa kutazama akiwa mbali, ameshika kikombe chake cha chai, akikunja na kukunjua vidole vyake mwenyewe. Hakuna aliyemwomba alifanye.

Jumamosi ya tarehe 18 Januari 2020, gari la mizigo litafika Kisaka asubuhi. Litapakia kitanda, masufuria, kuku na magunia mawili ya mahindi ambayo Simioni ametoa. Rhobi, Benedicto na Ghati watahamia Nyamongo.